Vitamini E kwa mgonjwa wa saratani anayekonda

Dada, kuhusu baba yako mwenye saratani ya mapafu anayeisha misuli, na hivyo vidonge vya vitamini E mlivyouziwa eti "vinasafisha sumu": mimi nisingempa kabla daktari wake hajaviona. Finland walijaribu vitamini E na beta-karotini (ile rangi ya karoti), ambazo zote hukinga seli zisiunguzwe na kemikali mwilini, kwa wanaume wavuta sigara zaidi ya 29,000. Matokeo ya 1994 yakaonyesha kuwa waliomeza beta-karotini, miligramu 20 kwa siku, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiomeza. Marekani nao wakasimamisha jaribio kama hilo mapema 1996. Seli ya saratani nayo hujikinga na kemikali zinazoiunguza, sasa ukiiongezea kinga unamsaidia nani? Mionzi na baadhi ya dawa za kemo huua seli za saratani kwa kemikali hizohizo.

Kukonda kwake ni jambo jingine. Uvimbe huufanya mwili uvunje protini ya misuli, na vidonge hivyo havijathibitika kuzuia hilo. Mpe mayai, dagaa, uji wa maziwa, kidogokidogo mara nyingi, na akiweza atembee hapo uani. Machungwa na mchicha aendelee kula, hivyo ni chakula, si vidonge.