Shingo ya kijana anayeinamia simu: anzeni na kidevu

Mzazi mwenzangu, kumwambia kijana "kaa wima" kutwa nzima hakufiki mbali. Ananyooka, ukigeuka tu kashainama tena. Mara nyingi si ukaidi. Misuli ya mbele ya shingo, ile ya ndani, imezoea kukaa bure, kwa hiyo inachoka upesi ikipewa kazi ya kushikilia kichwa. Na kichwa si kitu chepesi, ni kilo 4.5 hadi 5 hivi. Kikitangulia mbele ya mabega, misuli ya nyuma ndiyo inayokizuia kisidondoke, na jioni ndipo unaposikia, "Mama, shingo inanikaza."

Binti yangu tulimwanzisha na zoezi la kurudisha kidevu nyuma. Unaketi, macho mbele, unaweka kidole kwenye kidevu, kisha unakirudisha kidevu nyuma kiache kidole, uso ukiwa sawa. Sekunde 5, achia, rudia mara 10. Ni rahisi kulisema kuliko kulifanya. Yeye alikuwa akiinamisha kichwa na kubana meno hadi taya zikamuuma. Kilichomsaidia ni kulala chali sakafuni bila mto na kubonyeza kisogo chini taratibu, huku kidevu kikisogea kidogo kuelekea kooni. Ukihisi kuvutika pale kisogo kinapokutana na shingo, umepatia. Akishalizoea akiwa amelala, ndipo alifanye ameketi.

Shingo peke yake haitoshi, maana mabega nayo yamejikunja. Asimame mlangoni, aegemeze mikono kwenye fremu viwiko vikiwa usawa wa mabega, asogee mbele hadi kifua kivutike, akae hapo sekunde 30. Kisha aegemee ukuta na kupandisha mikono yote miwili polepole, mgongo usiachane na ukuta. Hili binti yangu halipendi hata kidogo, na ndilo naona linamfaa zaidi.

Kuzungusha shingo kwa nguvu mpaka ilie, mimi nimelipiga marufuku. Linaburudisha kidogo, lakini misuli haipati nguvu yoyote.

Simu hatukumnyang'anya. Anaweka mto mapajani, viwiko juu yake, na simu inapanda karibu na macho. Kila baada ya nusu saa anainuka. Shingo iliumbwa iweze kuinama, tatizo ni kuganda hapo kwa muda mrefu. Mpeni wiki 6 hadi 8 za mazoezi ya karibu kila siku, msitazamie mabadiliko kesho.

Zoezi likileta maumivu makali, aache. Akiwa na ganzi mikononi, vitu vinamponyoka, maumivu yanamwamsha usiku au yameanza baada ya kuanguka, mpelekeni kwa daktari kwanza. Na shingo ikikakamaa pamoja na homa, msingoje kukuche, nendeni hospitali saa hiyo hiyo.