Makundi shuleni: tuanze na ratiba

Swali lenu la wiki liliuliza: kwa nini katika shule za nchi fulani wanafunzi hugawanyika makundi makundi yasiyochangamana, wakati kwingine makundi yapo lakini hayana nguvu hiyo, na mwalimu afanye nini? Wengi wakiulizwa hivi huanza na malezi, simu, au tabia za watoto wa siku hizi. Mimi naanza na ratiba. Nionyeshe mwanafunzi anakaa na nani darasani, anakula wapi na anahama chumba mara ngapi kwa siku, nami nitakwambia utakuta makundi ya namna gani, hata kama hujanitajia nchi.

Chukua Marekani. Katika shule nyingi za sekondari ya juu huko, mwanafunzi hana darasa lake. Ana ratiba yake tu. Kengele ikilia anatoka hisabati alikokaa na watu hawa, anakwenda historia kukaa na watu wengine, na katikati ana dakika chache za kupitia kwenye kabati lake la koridoni. Masomo kadhaa anachagua mwenyewe, na mengine kama hisabati hugawanywa kwa viwango, kiasi kwamba watoto wawili wa rika moja wanaweza kumaliza shule bila kukaa chumba kimoja hata siku moja. Shule yenyewe inaweza kuwa na wanafunzi elfu mbili. Kisha inafika saa ya chakula. Mwanafunzi anasimama mlangoni mwa bwalo, sinia mkononi, meza zimejaa, na hakuna aliyempangia pa kukaa. Lazima aamue, na kila siku anaamua upya mbele ya macho ya mamia ya wenzake. Asiye na meza ya uhakika anaonekana na wote. Katika hali hiyo mtoto hajiungi na kundi kwa kiburi. Anatafuta pa kukaa. Na kwa kuwa kila mmoja anapatafuta, meza zinaanza kupishana hadhi: hii ya wachezaji, ile ya wapiga muziki, ile ya pembeni ya waliokosa kwingine.

Ongeza hapo michezo. Timu ya shule hucheza mbele ya wakazi wa mji mzima, kwa hiyo mchezaji anakuwa maarufu hata kwa watu wasiosoma naye. Mwanasosholojia James Coleman alizichunguza shule 10 za jimbo la Illinois mwishoni mwa miaka ya 1950 na akakuta kwamba kwa wavulana umahiri wa michezo ulileta sifa kuliko alama za darasani. Mwaka 2014 Daniel McFarland wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walionyesha jambo ambalo naona kila mkuu wa shule angelijua: makundi yenye ngazi na ubaguzi hustawi zaidi katika shule kubwa zinazowaachia wanafunzi uhuru mwingi wa kuchagua masomo, viti na watu wa kukaa nao. Shule ikiwa ndogo na kazi za darasani zikiwa zimepangwa, wanafunzi hukutana kwa sababu ya kazi yenyewe, na kumkwepa mtu kunakuwa kugumu.

Sasa geukia Japani. Darasa ni moja, chumba ni kimoja. Kwa miaka mingi kikomo kilikuwa wanafunzi 40, na mwaka 2021 serikali ilianza kukishusha hadi 35 katika shule za msingi. Katika sekondari walimu wa masomo ndio wanaohama chumba kwa chumba. Wanafunzi, sehemu kubwa ya siku, hubaki palepale. Katika shule za msingi, na nyingi za sekondari ya chini, chakula huliwa humo humo darasani. Wa zamu wanavaa kofia na aproni nyeupe, wanaleta masufuria kwa mkokoteni, wanapakua, na wenzao wanageuza madawati yatazamane kwa vikundi vidogo ambavyo mwalimu amekwisha kuvipanga. Vikundi hivyo hivyo vinafagia na kupiga deki. Hakuna anayesimama mlangoni na sinia akitafuta meza.

Ungedhani basi tatizo limekwisha. La hasha, limebadilika sura. Darasa lililofungwa namna hiyo halina mlango wa kutokea. Ukigombana na watu wako mwezi wa tano, utakaa nao hadi mwezi wa tatu mwaka unaofuata, mwaka wa masomo unapokwisha. Ndiyo maana uonevu unaotia wasiwasi zaidi huko si wa kundi kubwa dhidi ya kundi dogo. Ni wa darasa zima kumchunia mtu mmoja. Mtaalamu Yohji Morita aliuchora kwa duara nne: katikati yupo anayeonewa, kisha wanaomwonea, kisha wanaotazama na kuchekelea, na nje kabisa wanaoona na kujifanya hawajaona. Alisisitiza kwamba hali ya darasa huamuliwa sana na duara hizo mbili za nje, na nakubaliana naye kabisa. Baada ya kifo cha mwanafunzi mmoja wa mji wa Otsu mwaka 2011, Japani ilitunga sheria ya kuzuia uonevu mwaka 2013, na sheria hiyo inautambua uonevu kwa maumivu ya anayetendewa, hata kama mtendaji anasema alikuwa anatania.

Kwa hiyo magonjwa ni mawili. Shule iliyo wazi mno huzaa ngazi za makundi. Darasa lililofungwa mno huzaa mtengwa mmoja. Nchi nyingine ziko mahali fulani kati ya hapo. Ujerumani katika majimbo mengi watoto hugawanywa katika aina tofauti za sekondari baada ya darasa la nne, wakiwa na miaka kama 10 (Berlin na Brandenburg husubiri hadi la sita), kwa hiyo mchujo mkubwa unafanyika kabla mtoto hajafika mlangoni. Tena michezo mingi iko kwenye klabu za mtaani, si shuleni, na hapo mchezaji hapati ufalme wa koridoni. Uingereza wana sare, na “nyumba”, yaani vikundi vya kudumu ndani ya shule vinavyochanganya vidato, jambo zuri; lakini sare haifuti tofauti, inazihamishia kwenye viatu, begi na namna ya kufunga tai. Tanzania mstari wa kwanza kidato cha kwanza huwa ni lugha: aliyesoma msingi kwa Kiingereza na aliyesoma kwa Kiswahili wanaingia chumba kimoja ambamo masomo mengi yanafundishwa kwa Kiingereza, na ndani ya wiki chache anayejibu maswali na anayenyamaza wamekwisha kujitenga. Kidato cha tano mambo hubadilika, kwa sababu serikali huwapangia wanafunzi shule kutoka pande zote za nchi na tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo, ndiyo inayoamua nani anakaa na nani. Bwenini kuna shida ya ziada: siku haiishi, na anayetengwa mchana anatengwa pia usiku.

Kabla ya dawa, onyo moja. Kuwakalisha watoto pamoja peke yake hakusaidii. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Muzafer Sherif aliwaweka wavulana 22 wa miaka 11 hivi katika kambi ya Robbers Cave, Oklahoma, wakiwa makundi mawili yaliyoshindanishwa hadi yakachukiana. Walipoletwa pamoja kula, walirushiana chakula. Kilichowatuliza ni kazi ambazo upande mmoja usingeziweza peke yake, kama vile kutafuta kwa nini maji ya kambi yamekatika, au kuvuta kwa kamba lori lililogoma kuwaka. Mwalimu anayepanga tafrija ya kuwapatanisha ajue anaandaa ile saa ya chakula.

Hatua ya kwanza ni kujua hali ilivyo, maana macho ya mwalimu hudanganya. Huona wenye kelele. Tumia ramani ya mahusiano, mbinu iliyoenezwa na Jacob Moreno miaka ya 1930. Subiri hadi wiki ya sita ya muhula, wanafunzi wawe wamezoeana. Mpe kila mmoja kipande cha karatasi aandike majina matatu ya wenzake ambao angependa kufanya nao kazi fulani mahususi, mathalani jaribio la sayansi. Usiulize “marafiki zako ni nani”, kwa sababu wataandika majina ya kujionyesha. Na usiulize kamwe nani hapendwi. Swali hilo lenyewe huanzisha mazungumzo ambayo hutaweza kuyazima. Kusanya mwenyewe, karatasi zikiwa zimekunjwa. Nyumbani chora duara kwa kila jina na mshale kwa kila chaguo.

Tafuta watu wa aina tatu. Kuna wasio na mshale hata mmoja unaowaelekea. Kuna kundi ambalo mishale yake yote inazunguka ndani kwa ndani. Na kuna viungo, yaani wale waliochaguliwa na watu wa makundi mawili au zaidi. Hawa viungo ndio hazina yako, na mara nyingi si viranja wala wenye alama za juu. Ni watoto watulivu ambao hujawahi kuwatilia maanani. Ramani hiyo isikae juu ya meza ya ofisi ya walimu. Ikionekana na mwanafunzi mmoja, imeonwa na wote.

Kisha panga viti, na ubadilishe kila baada ya wiki nne hadi sita, tarehe ikijulikana mapema na darasa zima likihama siku moja, ili pasiwe na anayehisi ameadhibiwa. Aliyetengwa mkalishe karibu na kiungo, si karibu na kinara wa kundi lenye nguvu. Walimu wengi hukosea hapo wakidhani kinara atamwinua, naye humtumia kuchekesha wenzake. Usivunje kila urafiki. Mwachie kila mtoto jirani mmoja anayemfahamu, kwani aliyenyang'anywa wote atawatafuta kwa hasira zaidi wakati wa mapumziko. Vikundi viwe vya wanne au watano, si watatu: penye watatu, wawili hushikana na mmoja hubaki anatazama.

Kazi ya kufanya wakiwa wamekaa hivyo ni muhimu kuliko viti vyenyewe. Iliyopimwa vizuri ni ile ya mwanasaikolojia Elliot Aronson, iliyoanza Austin, Texas, mwaka 1971, shule zilipochanganya watoto weupe, weusi na wenye asili ya Meksiko na vurugu zikazuka. Gawa somo vipande vitano vinavyojitegemea, na darasa katika vikundi vya watu watano. Kila mmoja anapewa kipande kimoja tu akisome. Kisha wote wenye kipande kimoja wanakutana kwa dakika kama kumi, wanakijadili, wanakubaliana namna ya kukieleza. Halafu kila mtu anarudi kwenye kikundi chake na kuwafundisha wenzake wanne. Mwisho, jaribio la mmoja mmoja juu ya somo zima. Darasa la wanafunzi 45 linatoa vikundi tisa, maana yake wenye kipande kimoja watakuwa tisa pia. Hao ni wengi mno kwa mjadala, wagawe watano na wanne.

Nguvu yake ni kwamba yule asiyesikilizwa na mtu ana kitu ambacho wenzake hawawezi kukipata kwingine, na watafeli wakimdharau. Hayo yanaharibika kwa njia zinazotabirika. Mwalimu akitoa alama moja kwa kikundi kizima, anayesoma polepole anachukiwa. Akiruka ule mkutano wa wenye kipande kimoja, mtoto huyo anaaibika mbele ya wenzake, na umemzidishia shida. Vipande vikitegemeana, wa tatu hawezi kueleza kabla wa pili hajaeleweka. Na akifanya mara moja akaacha, hakuna kinachobadilika. Iwe ni kazi ya kila wiki kwa muhula mzima.

Ambapo mtoto amekwisha kutengwa kabisa, viti na vipande vya somo havitoshi. Hapo napendelea utaratibu wa kupambana na uonevu uitwao KiVa, uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Turku, Ufini, na kuanza kuenezwa nchini humo mwaka 2009. Timu ya watu wazima watatu ndani ya shule huzungumza kwanza na anayeonewa, kisha na kila mtendaji peke yake, ndipo nao wote kwa pamoja, na kukubaliana wataacha nini kuanzia leo. Sambamba na hilo mwalimu wa darasa huwaita wanafunzi wawili hadi wanne wenye roho nzuri na wanaoheshimiwa na wenzao, na kumwuliza kila mmoja atafanya nini kumsaidia mwenzake wiki hii: kutembea naye, kumwita kwenye mchezo, kumjibu anapozungumza. Baada ya muda uliopangwa watu wazima hurudi kuuliza kama yamefanyika. Kuwakutanisha ana kwa ana aliyeonewa na aliyemwonea na kuwalazimisha kushikana mikono, hilo liachwe. Hotuba ya paredi nayo iachwe. Inamtangaza aliyetengwa kwa waliokuwa hawajajua.

Shule yako ikiwa ya aina ya kwanza, iliyo wazi mno, punguza dakika ambazo hakuna aliyezipanga: gawa meza za bwalo kwa zamu, mpe kila mwanafunzi mgeni mwenyeji wa wiki mbili, na usiwaachie manahodha wachague timu kwa kuita majina hadi abaki wa mwisho. Ikiwa ya aina ya pili, yenye madarasa yaliyofungwa mno, fungua milango: klabu zinazochanganya mikondo na vidato, ili aliyenuniwa darasani awe na mahali pengine anapojulikana kwa uzuri.

Mwisho wa muhula rudia lile swali la majina matatu, kwa kazi tofauti. Hesabu wasio na mshale. Idadi ikipungua, endelea na mpango. Ikibaki pale pale na majina ni yale yale, acha kuhangaika na viti; chunguza kama mtoto anasikia na kuona vizuri, kama anaielewa lugha ya kufundishia, kama amehamia katikati ya mwaka, na kama kuna jambo nyumbani linalomzuia kucheza na wenzake baada ya masomo.