Barua kwa mwanangu: mbu wa Likoni ama ndovu wa Sagalla

Mwanangu, meseji yako nimeisoma mchana na nimeisoma tena usiku huu baada ya Isha, manake hawa watoto wa dada yako hawanipi nafasi ya kufikiri. Wasema profesa amekupa miradi miwili uchague mmoja wa masta yako, ule wa mbu na mapipa ya maji huku Likoni na Ukunda, ama ule wa ndovu na mizinga ya nyuki kule Sagalla karibu na Voi, na wataka nikwambie upi una kazi mbele. Mambo ya kazi muulize mjomba wako, yeye ndiye ajuae nani anaajiri. Mimi nna neno langu moja na walijua tangu uko sekondari, kwamba mtu akishapiga hodi kwa watu akawauliza maswali yake, arudi awape jibu. Arudi! Hata kama jibu lenyewe ni kwamba hajapata jibu.

Lile shamba la babu chini ya Shimba Hills, upande wa Mwaluganje, nyinyi mlilijua kwa madafu na mabungo tu, mlikuja likizo mkala mkarudi zenu Likoni. Sisi tulilijua usiku. Mahindi yakianza kubeba babu yako alihamia kwenye dungu la kulindia shamba na tochi yake na debe, halali mpaka alfajiri. Ndovu humuoni mwanzo, unasikia muhogo unang'oka, lile shina likitoka na mizizi yake na udongo ukimwagika, halafu kimya, halafu shina jengine. Asubuhi ukienda unakuta mihogo ya kibandameno imelala safu nzima, na nyingi hata hakuila, kaikanyaga tu.

Bas siku moja ikaja gari ya chuo, chuo chenyewe sikitaji, na vijana wawili na fomu ndefu. Umepoteza magunia mangapi, ndovu walikuja lini na lini, ulifanya nini kuwafukuza. Halafu kuna swali moja silisahau mpaka leo: je, unawachukia ndovu sana, kiasi, kidogo, ama huwachukii kabisa? Babu yako akamtazama yule kijana, akamwambia andika unavyoona wewe, lakini na mimi nna swali langu, nifanye nini huyu ndovu apite njia nyengine, bila mimi kukesha na bila yeye kuuliwa? Kijana akaliandika pembeni ya karatasi, nliliona mwenyewe manake nlikua nimesimama pale na sinia la chai, akasema mzee hili swali zuri sana, tutarudi na majibu. Babu akatia sahihi, wakamwachia kopi ya ile karatasi ya ridhaa, akaiweka kwenye mkebe wa biskuti pamoja na hati ya shamba.

Hawakurudi. Na babu yako hakua mtu wa kulalamika, mwamjua nyote, lakini kila gari ikilia kule barabarani alikua akikaza kikoi chake vizuri na kuitafuta kofia. Ile karatasi tuliikuta kwenye mkebe baada ya hitma tukipanga vitu vyake, imekunjwa mara nne. Na wewe ndiwe ulieingia chuo ukaenda kuitafuta ile kazi yao kwenye maktaba yenu ya mtandao, ukaja ukaniambia mama hii hapa, imechapishwa. Kizungu kitupu, na mtu wa nje akitaka kuisoma alipe dola. Babu yako yumo mle mahali fulani, ndani ya lile jedwali, yeye na majirani zake wamegeuzwa asilimia. Swali lake la pembeni halimo.

Nliumia siku ile na hata sahii nikiandika naumia.

Lakini hapa huwa nabishana na nafsi yangu, usidhani sibishani. Nasema, yule kijana angerudi na nini? Huenda kweli hakua na kitu mkononi. 2007 ndio Lucy King wa Oxford na wenzake walipochapisha kwamba ndovu wa Samburu wakisikizishwa sauti ya nyuki wenye hasira kwenye spika, familia nzima inaondoka mbio, na kutoka hapo ndio ukaja ule uzio wa mizinga unaouzungumzia wewe, mizinga inaning'inizwa kila mita 10 kuzunguka shamba na waya umeiunganisha yote, ndovu akisukuma waya mizinga inayumba na nyuki wanatoka, na ndovu na ngozi yote ile nyuki humuuma pembeni ya macho na ndani ya mkonga. Kwa hivyo jibu la babu yako huenda lilikua lapikwa Samburu wakati yeye amekaa kwenye dungu na debe lake, na yule kijana hakulijua. Sawa. Nakubali. Lakini si angekuja hata kusema mzee lako bado latafutwa? Nauli ya kutoka Mombasa mpaka Kwale ni pesa ngapi?

Na wale watafiti wa mizinga wa Sagalla nawapendea hili, walikaa na wakulima miaka na miaka, na 2024 wakatoa hesabu kwamba misimu ya mazao kwenye mashamba yenye mizinga hadi 86% ya ndovu waliosogea walirudishwa, na hawakuficha kwamba ule ukame wa 2017 ulipopita nyuki walihama na mizinga ikachukua miaka kujaa tena. Hilo ndilo jambo la kumwambia mkulima, manake mkulima asieambiwa habari ya ukame atadhani ametapeliwa. Kwa hivyo ukienda kule hutaanza kwa watu waliochoka na maswali, utawakuta wana mazoea ya kupewa majibu, na hapo kidogo roho yangu yavutika, wallahi yavutika, lakini ngoja nisiseme.

Sasa usinifanye mtu wa kusema utafiti ni bure, manake shangazi yako hukaa akasema hivyo na mimi humkatalia. Kilifi hapo, miaka ya 90 mwanzo, walipojaribu vyandarua vilivyotiwa dawa, vifo vya watoto vilipungua kwa thuluthi moja, na watoto wa kulazwa na malaria kali wakapungua kwa 44%. Hizo si namba za kuchezea, ni watoto. Chandarua ulicholalia wewe ukiwa mchanga kilitokana na kazi kama hizo. Halafu ikaja chanjo ya malaria, majaribio makubwa yalianza 2009 kwenye nchi 7 za Afrika na Kilifi ilikua kituo kimoja, watoto wa pwani wakatoa mikono yao wakadungwa na kutolewa damu. Na Kenya ilipoanza kuitoa ile chanjo 2019 ilianzia wapi? Homa Bay. Huko ziwani. Shangazi yako akapandisha, ati waona, damu ya kwetu dawa ya kwao. Mimi nikamwambia malaria ya ziwani ni kali zaidi ya hii ya kwetu, mtoto wa Homa Bay ni mtoto pia, na aliyeumwa zaidi aanze. Nlimjibu hivyo na naamini hivyo. Lakini usiku nikawaza, yule mama wa Kilifi aliyembeba mwanawe mgongoni akaenda kliniki kwa jaribio lile, kuna mtu alimfuata kumweleza kwa nini imeanza kule? Pengine alielezwa. Nataka niamini alielezwa, manake KEMRI Kilifi, wale watu wa utafiti wa tiba, wana wale wawakilishi wanaochaguliwa vijijini wakaenda kuongea na watu, na walifika hapo baada ya kuona uvumi umewazidi.

Ule uvumi si mgeni kwako, bibi yako alikua akiwatisha nao mkichelewa kurudi, mumiani. Gari nyeupe, watu wa damu, ati damu yauzwa. Watu wa chuo walikua wakisema ni ujinga wa wanavijiji. Mimi sikubali. Mtu akija nyumbani kwako akachukua damu ya mwanao kwenye chupa ndogo, akaondoka, miezi ikapita kimya, wewe utaambia nini roho yako? Lazima utafute mwenyewe pa kuiweka ile chupa, na hapo ndipo mumiani anaingia. Ndio maana nakwambia kurudi si adabu tu mamangu, ni sehemu ya kazi yenyewe, manake wakishakuita mumiani hata ile data yako ya mwaka wa pili watakudanganya.

Haya, na huku Likoni. Wewe ulikua bweni wakati ule, hukuyaona vizuri, mwisho wa 2017 kuingia 2018, chikungunya, ile homa ya mbu inayouma viungo, ilipotushika mtaa mzima. Bibi yako vidole havikunji, leso afungiwe, miezi mpaka akaweza kushika kijiko sawasawa. Hapo ndipo akaja yule binti wa mbu, mwanafunzi tu kama wewe, na bakuli jeupe na kitochi, akaomba achungulie mapipa yetu. Jirani yetu wa nyumba ya pili alikataa, akasema huyo atatia dawa ya kuzuia uzazi kwenye maji. Kwetu akateka maji kidogo akatia kwenye bakuli, akaniita. Viluwiluwi wale, vijitu kama uzi vinajikunjakunja, ukipitisha mkono juu kivuli kikiwaangukia wote wanazama chini pamoja. Mimi miaka yote nateka maji mle na sijawahi kuona hilo.

Kuja kwake si kitu. Alirudi! Miezi ikapita, nikajua ndio yale yale ya babu, siku hiyo nakaanga viazi vya karai jioni namuona anaingia na mfuko. Akatukusanya barazani, akatupa karatasi ya Kiswahili ina picha, akaeleza mtaa wetu umetokeaje bila kutaja pipa la nani lilikua na nini. Akasema mbu huyu ni wa mchana, si yule wa malaria wa usiku, na mayai yake hayaelei majini, huyabandika ukutani mwa pipa juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu miezi, ukijaza tu yanaangua. Kwa hivyo kumwaga maji peke yake hakusaidii, sugua zile kuta kwa brashi, na funika. Na matairi na makopo na vifuu vilivyotupwa nyuma ya nyumba vikishika mvua ni yale yale. Jirani yule yule akaja akachungulia kwenye kioo cha kukuzia, akakaa kimya, kisha akasema, huyu mdogo hivi ndiye aliyenifanya niswali kwenye kiti? Tulicheka mpaka viazi vikaungua. Na kesho yake asubuhi nikamsikia upande wa pili yuasugua pipa, krrr krrr.

Kitu nlichompendea yule binti ni kwamba hakutuambia tusiweke maji. Wengine huja na makaratasi yao ati epukeni kuhifadhi maji majumbani, sasa bomba lenyewe latoka siku lapotaka, mkokoteni wa maji wapandisha bei, mtu asiweke maji aoge na nini? Yeye aliuliza kwanza maji huja lini na nani huteka na kifuniko kilivunjika vipi. Ukiwa wataka kujua tabia za watu anzia hapo, usianzie kwa unawachukia kiasi gani.

Na kuna hili nlilifikiria baadae nikaona nikuandikie, hii miradi yako miwili si mbali kama ulivyoiandika. Maji ya Marere yanayokuja huku kwetu yanatoka Shimba Hills, msitu ule ule wa ndovu waliokua wakimlia babu yako muhogo, na wale swala palahala wa mwisho wa Kenya wako mle. Msitu ukiharibika maji yanapungua, maji yakipungua tunaongeza mapipa, mapipa yakiongezeka mbu wanaongezeka, bibi yako anafungiwa leso. Sasa chuo wamegawa, huyu wa kilimo, huyu wa afya, huyu wa wanyama, huyu wa tabia za watu, kila mmoja na ofisi yake na mlango umefungwa. Mkulima amekaa shamba moja na yote hayo yanamfika siku moja. Nliwahi kukwambia ukasema mama andika wewe hiyo tasnifu. Siandiki, lakini mwambie profesa.

Unajua nataka kusema uende wapi. Nalimeza. Babu yako ananivuta upande mmoja na bibi yako aliye hai ananivuta mwengine, na nikisema utakwenda kwa ajili yangu, na masta si yangu.

Ila kabla ya kutia jina lako popote, muulize profesa wako akuonyeshe ile bajeti. Mafuta ya gari yatakuwemo, posho itakuwemo, maabara itakuwemo. Muulize pesa za kurudi kwa watu ziko mstari gani. Akikwambia hazimo mwambie akuwekee, na akikataa nijulishe mapema, nna ya chama inatoka mwezi wa kumi, inatosha treni ya kwenda Voi na kurudi na gari ya kupanda Sagalla, na karatasi za Kiswahili tutazipiga kopi hapa kwa huyu kijana wa stejini, bei yake si mbaya. Huku Likoni utakwenda kwa miguu, bibi yako keshasema atakufuata nyumba kwa nyumba.