Tembo la mnazi huulizwa saa, si mwaka

Ndugu mhariri, swali la wiki lilikuwa hili: mtu akitaka kutembelea shamba la familia linalogemwa tembo, yaani pombe ya utomvu wa mnazi, tangu enzi za mababu, aende lini, atazame nini na aonje vipi? Najibu kwa upande wetu wa Tanga, hasa ule ukanda unaofuata barabara ya Pangani kupitia Tongoni na Kigombe.

La kwanza ni saa. Mvinyo wa zabibu wa Dodoma hukamuliwa wakati wa mavuno, ukawekwa ukatulia, na mnywaji akauliza ni wa mwaka gani. Tembo haliwezi kungoja hivyo. Utomvu unapodondoka tu chomboni, hamira iliyomo hewani na iliyoganda kwenye chombo chenyewe huanza kazi. Unashuka na sukari ya gramu 120 hadi 150 kwa lita. Saa mbili tatu baadaye sehemu yake imeshageuka kileo, jioni kileo huwa kama asilimia 4 hadi 6, na siku ya pili ukali wa siki umeshika. Kwa hiyo tembo lililobebwa kwa bodaboda mpaka mjini si lile lililoshuka mtini, hata muuzaji awe mwaminifu namna gani.

Wengi hudhani tembo la asubuhi ndilo changa. Sivyo. Kibuyu kinachoshushwa asubuhi kimening'inia usiku kucha. Ubaridi wa usiku husaidia kidogo, lakini tembo hilo limeshachangamka. Anayetaka kuonja lililo changa kweli ampe mgema taarifa siku moja kabla, amwombe atundike chombo kilichosuuzwa kwa maji ya moto asubuhi na kukishusha baada ya muda wa saa mbili tu. Hapo ndipo utapata tembo tamu, karibu halina ukali wowote.

Fika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mgema hajapanda, na upange kukaa mpaka alasiri. Yeye hupanda mara tatu kwa siku, na kila mpando una kazi yake. Lile karara, yaani ganda lenye kishada cha maua ya mnazi ambamo utomvu hutoka, halikatwi ovyo. Huchaguliwa likiwa limenenepa lakini halijapasuka, likafungwa kwa ugwe wa makumbi kuanzia shinani mpaka karibu na ncha ili maua yaliyomo yasilipasue, kisha likainamishwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa mpaka mdomo utazame chini. Ukiliinamisha kwa pupa linavunjika shingo, na karara limekufa. Ncha ikishakatwa, kila mpando mgema huchonga mdomo kwa kotama, kile kisu chake cha kugemea, kipande chembamba cha milimita moja au mbili tu. Mwombe akuangushie kimoja. Ukikishika kwenye mwanga utaona vishimo vidogo vya mishipa inayopitisha utomvu. Hivyo ndivyo vinavyoziba asipochonga kwa wakati, na matone yakakoma. Akichonga nene, karara linalotakiwa kudumu wiki nne mpaka sita linakwisha kabla ya siku zake. Kotama butu nayo husaga mishipa badala ya kuikata. Kwa maoni yangu, ukitaka kumjua mgema mzuri tazama kinoo chake na kotama yake kwanza. Mti mmoja, kazi ikienda sawa, hutoa kama lita moja hadi mbili kwa siku.

Kisha nusa chombo kitupu kabla hakijatundikwa. Chenye mashapo ya jana huchachua haraka mno, na tembo hushuka likiwa limeshakuwa kali. Siku hizi wengi hutumia chupa za plastiki badala ya vibuyu. Si vibaya, husafishika vizuri zaidi, mradi hazikuwahi kubeba mafuta ya taa wala dawa ya shamba. Nyuki na sisimizi watakuwamo tu. Huchujwa kwa kilifu safi, ule wavu wa nyuzi unaozunguka shina la kuti, au kwa kitambaa.

Kuonja, anza na tamu umalizie na kali, maana ulimi uliokwishapigwa na ukali wa siki hausikii utamu tena. Kwanza lile lililokaa mtini saa mbili tu, pili la adhuhuri, tatu la usiku, mwisho lililolala tangu jana. Robo kikombe kila moja inatosha. Lililo changa huwa karibu angavu. Linavyozidi kuchacha huwa jeupe kama maji ya kuoshea mchele, kwa wingi wa hamira inayoelea. Ukilimimina kwenye kata ya kifuu, povu dogo dogo lipande pembeni na lisikike. Harufu ya unga ulioumuka ni ya kawaida. Harufu ya siki inayochoma pua kwenye tembo unaloambiwa ni la leo ina maana chombo kilikuwa kichafu au muda si huo. Mimi huliweka la adhuhuri mbele ya yote: utamu bado upo, ukali umeshaingia, na havijaanza kugombana.

Sote tunajua mgema akisifiwa hufanya nini. Tembo lililotiwa maji huanza vizuri mdomoni kisha linapotea, na povu lake hufa mara moja. Lililotiwa sukari kuficha ukali hujulikana kwa kuwa tamu sana na chachu sana kwa pamoja. Tembo lenyewe, chachu ikipanda, utamu hushuka. Na ukipewa kitu kisicho na rangi chenye kuunguza koo, hilo ni gongo, si tembo. Usilionje.

Kabla hujaondoka, tazama miti. Mnazi mrefu wa pwani huangusha makuti kama kumi na mawili kwa mwaka, na kila kuti huacha kovu shinani. Hesabu makovu, gawa kwa kumi na mbili, utapata umri kwa kukisia. Penye shina lililokonda ghafla, miaka hiyo mti ulipata ukame au ugonjwa. Vile vidato vilivyochongwa vya kupandia havifungi kamwe, maana mnazi hauzibi jeraha. Maji hutuama humo, kuvu huingia. Familia inayojali shamba la urithi hupanda kwa kamba, na haigemi miti yote. Karara linalogemwa halizai nazi, na mti ukiachwa leo nazi zake kavu utazingoja kama mwaka mzima. Uliza ni miti ipi imeachwa ya nazi na ni ya nani katika ndugu: huku kwetu ardhi inaweza kuwa ya mmoja na minazi ya mwingine.

Piga hodi, mwamkie mwenye shamba shikamoo, omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Zipo familia za Kiislamu zenye minazi na hazitaki hata harufu ya tembo. Usibishe, nenda kwingine. Mwezi wa Ramadhani acha kabisa. Mkeka utandike chini ya mwembe, si chini ya mnazi wenye nazi zilizokomaa.

Ukibeba tembo nyumbani, usijaze chupa wala kukaza kifuniko, gesi itaipasua. Kikombe kimoja kitaumua unga wa vitumbua vizuri tu. Lililobaki tia kwenye mtungi wa udongo au gilasi pana, kamwe si sufuria ya alumini, funika kwa kitambaa, weka kivulini wiki kadhaa. Utando ukitanda juu usiutupe, ndio unaofanya siki. Ikishakuwa kali unavyotaka, chuja, chemsha kidogo, tia kwenye chupa. Itakufaa kwa achari na kachumbari.