Cheti cha kozi pekee hakitoshi

Dada, umeuliza kama cheti cha kozi kinatosha kuchora nyusi za kudumu (wino unaoingizwa kwenye ngozi kwa sindano, kama tatuu) nyumbani kwako huko England. Hakitoshi. Chini ya sheria ya serikali za mitaa ya 1982, halmashauri nyingi zinataka ujisajili wewe na hicho chumba unachofanyia kazi. London, manispaa nyingi zinadai leseni kabisa. Watakagua sinki la kunawia na kopo la sindano zilizotumika. Sindano ni ya mteja mmoja, basi. Na wino uliobaki kikombeni mwaga, usiurudishe chupani hata kama umeununua ghali (hapo ndipo wengi hubania), maana huenda umeguswa na damu ya mteja, na kirusi cha homa ya ini B hukaa hai nje ya mwili siku 7 au zaidi.