Fangasi za ukeni zinazorudi: maswali yenu wiki hii

*Mama yangu alisumbuliwa na fangasi za ukeni, dada yangu pia, na sasa ni zamu yangu. Tumerithi? – Kayole*

Kuvu yenyewe hairithiwi, dada. Kinachoweza kurithiwa ni namna mwili unavyoitambua. Chembe nyeupe za damu zina protini iitwayo dektini-1, ambayo ni kama bawabu wa getini: ikigusa ukuta wa kandida, kuvu inayoleta fangasi hizi, inapiga mbiu. Mwaka 2009 watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, walieleza habari za familia moja yenye wanawake wanne waliokuwa wakiugua fangasi za ukeni zisizokoma au fangasi za kucha. Jeni yao ya dektini-1 ilikuwa na kasoro iliyofupisha protini hiyo, kwa hiyo bawabu hakufika getini. Chembe zao, hata hivyo, ziliendelea kuimeza kuvu na kuiua kama kawaida, na watafiti wakaona hiyo ndiyo sababu ugonjwa ulibaki juu juu, haukuvamia damu.

Wengi wetu hatuna kasoro moja ya wazi hivyo. Na kabla hamjaulaumu ukoo, kapimeni sukari nyote watatu. Kisukari nacho hutembea kwenye familia, na kuvu inapenda sukari kuliko mtoto. Kipimo cha HIV kisisahaulike.

*Duka la dawa hunipa kidonge kimoja cha flukonazoli. Napona wiki mbili, inarudi. Dawa imekuwa dhaifu? – Pipeline*

Nikuulize kwanza: kuna aliyewahi kukupima? Najua foleni, najua nauli, najua kidonge ni rahisi kuliko siku nzima kliniki. Lakini si kila muwasho ni fangasi. Majimaji ya kijivu yenye harufu ya samaki kwa kawaida ni bakteria, na flukonazoli haiwagusi.

Kipimo chenyewe hakitishi. Muuguzi anachukua majimaji kidogo kwa pamba, anayapaka kwenye kioo na kudondoshea potasiamu haidroksaidi. Dawa hiyo inayeyusha chembe za mwili wako, kuvu inabaki. Chini ya hadubini *Candida albicans* huonekana kama nyuzi zilizoshikana na vipunje, mfano wa uzi uliochomoka kwenye sweta. Hiyo ndiyo husababisha visa vingi. Ila kuna jamaa yake, *Candida glabrata*, asiyeota nyuzi: ni punje tupu, rahisi kupitwa na jicho, na kidonge chako mara nyingi hakimtoshi. Ndiyo maana anayerudiwa na fangasi aombe sampuli ioteshwe maabara.

Ukiugua mara 3 au zaidi kwa mwaka, kidonge kimoja kimoja ni kupoteza pesa. Ikiwa ni albicans, daktari huweza kukupa miligramu 150 siku ya 1, ya 4 na ya 7, kisha kidonge kimoja kila wiki kwa miezi 6.

*Shosho ananishauri nipake mala au niingize kitunguu saumu. – Githurai*

Mala ni ya ugali, na kitunguu saumu kitakuunguza.

Shosho hajabuni, lakini. Ukeni mna bakteria wema, laktobasila, wanaotengeneza asidi ya laktiki, na antibayotiki zikiwafyeka, kuvu hupata nafasi. Tatizo ni kwamba bakteria wa mala si wale wa ukeni, na kandida huvumilia asidi vizuri sana. Utafiti uliochapishwa 2009 kuhusu wanawake wa Mombasa ulikuta waliokuwa na laktobasila ndio walioelekea zaidi kupata fangasi zenye dalili! Kwa hiyo “ongeza bakteria wema” si jibu kamili, hata likiuzwa kwenye chupa nzuri.

Kuvu ikishaota nyuzi hutoa sumu iitwayo kandidalisini, iliyogunduliwa 2016. Sumu hiyo hutoboa chembe za ngozi laini, askari wa mwili wanakuja mbio, na vurugu hiyo ndiyo muwasho unaokunyima usingizi.

*Mume wangu anasema nimeitoa nje. – Lang'ata*

Mwonyeshe jibu hili. Kandida huishi ukeni mwa wanawake wengi bila dalili yoyote na haihesabiwi kuwa ugonjwa wa zinaa. Yeye hahitaji dawa isipokuwa ana vipele au muwasho kwenye uume. Na si uchafu: acha kujiosha ndani kwa sabuni.

*Nina mimba ya miezi minne. Nimeze kile kidonge? – Umoja*

Hapana, mama. Utapewa klotrimazoli ya kuingiza ukeni kwa siku 7. Mwambie mkunga siku yako ya kliniki, au mapema ukiwa unaumia. Unapolala ndipo uiweke, isukume taratibu, na umalize siku zote 7 hata muwasho ukiisha siku ya tatu.