Jibu kwa fundi wa Urambo: hela ya utafiti ya jeshi la anga la Marekani, na pikipiki yako

Mkuu, nimesoma bandiko lako mara mbili. Uko Urambo, una karakana ndogo, umeunda kindege kisicho na rubani cha kuangalia mashamba ya tumbaku, halafu umeona kwamba jeshi la anga la Marekani linazipa kampuni ndogo hela za utafiti. Unauliza kama Mtanzania anaweza kuomba, kama hawezi aanzie wapi, na kama uuze pikipiki uagize injini. Mimi niko Kigoma, njia hiyo niliishika nikarudi mikono mitupu, kwa hiyo nivumilie nikiandika kirefu.

Kuomba huwezi. Mfuko unaitwa SBIR, ulianzishwa kwa sheria ya 1982 enzi za Rais Reagan. Kampuni lazima iwe ya huko huko, isizidi wafanyakazi 500, na zaidi ya nusu ya umiliki uwe mikononi mwa raia au wakazi wa kudumu wa Marekani. Na utafiti wenyewe ufanyikie kwao. Tabora haimo, Kigoma haimo.

Mimi niliyasoma hayo nikajifanya sijayaona. Akatokea jamaa mtandaoni, Kiingereza kimenyooka, akasema atasimama kama mwenye kampuni kwa asilimia 51, mimi nitoe ada ya usajili tu. Nikamtumia laki sita. Hela hiyo nilikuwa nimeiweka ya kununulia mashine ya kuranda mbao. Simu yake haikupokelewa tena. Baadaye ndipo nikajua kwamba kujisajili kwenye mfumo wa serikali yao kwa ajili ya zabuni ni bure, na kwamba kumweka mtu kivuli kwenye umiliki ni kesi ya jinai kule. Zaidi ya hapo, wana sheria inayoitwa ITAR: mchoro wa teknolojia ya kijeshi ukitumwa kwa barua pepe kwa mgeni unahesabika umesafirishwa nje ya nchi. Kwa hiyo hata Mmarekani mwenye nia njema angeogopa kubadilishana michoro na mimi.

Ila usiufunge huo ukurasa bado, kuna kitu nilikichukua pale. Taasisi zao za serikali zenye bajeti kubwa ya utafiti wanaowapa watu wa nje ya taasisi zinalazimika kutenga asilimia 3.2 ya bajeti hiyo kwa ajili ya kampuni ndogo. Jeshi linaandika tatizo lake hadharani, mathalani linataka betri isiyozimika kwenye baridi ya juu angani, na yeyote mwenye sifa analeta wazo. Awamu ya kwanza ni miezi sita hadi mwaka, unathibitisha tu kwamba jambo linawezekana. Awamu ya pili ni kama miaka miwili, unaunda kitu chenyewe. Awamu ya tatu mfuko hautoi hata senti: uuze, jeshi au mteja mwingine anunue kwa bajeti yake. Na data za utafiti zinalindwa miaka 20, serikali haiwezi kuzichukua na kumpa mshindani wako. Hapo ndipo nilipogundua nilikuwa nafanya kinyumenyume. Mimi nilikuwa na ndege, sikuwa na mtu mwenye tatizo.

Ndege yenyewe ilikuwa hivi. Bawa nililikata kwenye maboksi meupe ya kuhifadhia samaki, nikitumia waya wa jiko la umeme bovu nililoliunga kwenye betri ya gari. Waya ukiwa mwekundu unachoma na moshi wake unakuumiza kichwa. Ukiwa wa moto kiasi unapita kama kisu kwenye ugali. Propela nilichonga ya mninga. Iliruka, lakini picha zilikuwa zinacheza kama uji unaochemka. Nikadhani kamera mbovu. Nikabadili kamera, hakuna kitu. Fundi mmoja wa mashine za boti pale Kibirizi, mzee wa watu, akaniambia, "Mwanangu, pangaboi lako lina upande mzito." Akachomeka msumari mwembamba kwenye tundu la katikati, akaulaza juu ya nyembe mbili zilizosimamishwa sambamba, akaachia. Upande mmoja ukashuka wenyewe. Tukapiga msasa kidogo, tukaweka tena, ukashuka polepole zaidi. Saa nzima tunapiga msasa na kuachia, mpaka propela ikawa inatulia popote unapoiacha. Siku iliyofuata picha zikatulia. Hiyo ilikuwa awamu yangu ya kwanza, na gharama yake ilikuwa karatasi ya msasa na soda.

Mwenye tatizo nilimpata ufukweni hapo hapo. Tajiri mmoja wa vyombo vya dagaa aliniambia habari za dagaa hazimsumbui, dagaa anajua pa kuwapata. Kinachomuumiza ni chombo kuzimikiwa mashine usiku, upepo ukakisukuma, na asubuhi hajui akitafute wapi. Nikaanza kuunda kwa ajili yake.

Wala usidhani mambo ya samaki yako mbali na jeshi. Kampuni ya Insitu ya Marekani ilianza 1994 ikiwa ndogo kabisa. Kindege chao cha Aerosonde kilivuka Atlantiki mwezi Agosti 1998, kama saa 27 hewani, mafuta hayakufika hata lita saba. Kingine walikiunda kisaidie meli za uvuvi kutafuta jodari baharini, na hicho ndicho kilichogeuzwa kuwa ScanEagle ya jeshi. Abraham Karem, mhandisi wa ndege zisizo na rubani, naye alianzia kwenye karakana ya gari nyumbani kwake Los Angeles. Kampuni yake iliishiwa, kazi yake ikanunuliwa na wakubwa, na ukoo huo ndio ulioizaa Predator, ndege ya kijeshi isiyo na rubani, iliyoruka 1994. Karem alipewa hela na DARPA, shirika la utafiti la wizara ya ulinzi ya Marekani, siyo SBIR, lakini umeona: kuwa na ndege nzuri hakukuiokoa kampuni.

Kwetu sasa. Kosa langu kubwa nilirusha ndege bila karatasi za kibali. Upande wa pili wa ziwa ni Kongo, na mji huu anga lake lina historia: mwaka 1916 Wabelgiji walikuja na ndege za majini kuipiga Kigoma kwa mabomu wakiitafuta meli ya Wajerumani, hii hii tunayoiita Liemba. Kindege changu kilipoteza mawimbi ya rimoti, kikaenda kuanguka kwenye shamba la mihogo. Nilipofika na bodaboda nikakuta watu wamekizunguka, mtendaji wa kijiji ameshapiga simu. Niliandika maelezo kurasa tatu. Kindege kilikaa mahali miezi minne, nikarudishiwa kikiwa na bawa moja. Siwalaumu sana, ningekuwa mimi ningefanya vile vile.

Kwa hiyo kabla ya injini anza na TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kanuni za ndege zisizo na rubani zipo tangu 2018, na kibali cha Wizara ya Ulinzi ukihitaji uwe nacho kabla mzigo haujafika forodhani, siyo baada. Nenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, ukiwa na kitu mkononi, hawapendi hadithi. COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, wanatangaza fursa za wabunifu, fuatilia. Ukisema neno "jeshi" kwenye barua yako ya kwanza utasubiri sana, sema tumbaku. Halafu mtafute mkulima au chama cha msingi chenye hasara ambayo kinaweza kuitaja kwa shilingi, wakuandikie hata nusu ukurasa. Mimi ile barua ya tajiri wa dagaa ndiyo iliyonifungulia milango, ingawa mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi miezi mitatu sikuuza kitu, ikabidi nirudi kutengeneza redio.

Injini ya kuagiza achana nayo kwanza, mota ya umeme inatosha kwa shamba. Na pikipiki usiuze, mkuu. Ndiyo utakayoifuatia ndege ikianguka.